Besi inasikika jikoni ila kwenye kochi hakuna kitu, halafu inanguruma. Msaada wakuu

KochiLaKati
Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Naombeni msaada maana kichwa kinaniuma na hela imeshanitoka.

Nina amplifaya ya mtumba na maboksi mawili ya spika inchi 8, nilichukua Kariakoo mwaka jana. Vilikuwa vinapiga vizuri tu. Miezi miwili iliyopita upande wa kulia ukakata, nikapeleka kwa fundi wa mtaani, akasema IC, ile chipu inayokuza sauti, imekufa, akabadilisha, 35,000 ikanitoka, pande zote mbili zikarudi. Akaja mwenyewe kunifungia nyumbani. Sasa tangu siku hiyo naona maajabu. Nikikaa kwenye kochi besi hamna kabisa, mziki unakuwa mwembamba kama nasikiliza kwenye simu, ila nikiinuka kwenda jikoni kuchukua maji, nikifika tu mlangoni besi inanipiga kifuani. Nikirudi kukaa imepotea. Mke wangu anasema nimerogwa.

Pili, nikiunganisha king'amuzi inanguruma mmmmmmm, nikipandisha sauti na mngurumo unapanda. Nikichomeka simu kwa waya haingurumi.

Nimerudi kwa fundi anasema spika zimechoka, ninunue nyingine, anazo za 120,000. Kabla sijajilipua nikaona niwaulize. Sebule ni ya kupanga, kama mita 4 kwa 3, chini vigae juu gypsum, kochi liko katikati maana nyuma yake kuna meza ya chakula.

mtaa wa pili
Mkuu uza hayo makopo nunua sabufa ya kisasa wati 10,000, Bluetooth, flashi, taa za disko, mtaa mzima watakuheshimu.

Nyanya Chungu
Ngoja waje wajuvi, nimekaa paleeee na karanga zangu.

Fundi Risasi
Mleta uzi usinunue kitu. Narudia usinunue kitu. Nimekuwa kwenye hii kazi tangu enzi za radio kaseti na nakwambia maelezo yako yenyewe yameshajibu nusu.

Anza na besi. Spika mbili zinatakiwa zisukume pamoja na zivute pamoja. Fundi wako alivyokuja kukufungia, kuna uwezekano mkubwa amegeuza waya upande mmoja, nyekundu kaweka kwenye nyeusi. Spika haiungui kwa hilo na inalia kama kawaida, ndo maana hakugundua. Ila sasa moja ikisukuma hewa mbele nyenzake inavuta nyuma, na wewe uliyekaa katikati yao unapata zote mbili zikiwa zimefutana. Inayofutika zaidi ni besi kwa sababu mawimbi yake ni marefu. Ukisogea pembeni, mfano mlangoni jikoni, umbali wa kila spika unabadilika, hazifutani tena, besi inarudi. Huo ndo uchawi wako.

Jaribio la kwanza halina gharama. Weka mtu anaongea, taarifa ya habari au mahubiri, kaa kwenye kochi ufumbe macho. Waya zikiwa sawa sauti ya mtu inatokea katikati, kama amesimama juu ya TV. Zikiwa zimegeuzana hujui anaongelea wapi, sauti iko kila mahali, kama ipo ndani ya masikio yako mwenyewe.

Jaribio la pili chukua betri ya rimoti, ile ya volti 1.5. Zima ampli, chomoa waya zote mbili za spika kwenye ampli, halafu gusisha ncha kwenye betri mara moja tu na kuachia, usishikilie. Waya uliokuwa unaingia nyekundu uguse chanya. Toa kile kitambaa cha mbele uangalie karatasi ya spika, inatakiwa iruke kuja nje. Fanya na boksi la pili. Moja ikija nje na nyingine ikaingia ndani umemaliza kesi, geuza waya za hiyo inayoingia ndani. Ila moja tu! Ukigeuza zote umerudi ulipotoka.

Leta majibu kwanza ndo tuongee kuhusu mngurumo.

mtaa wa pili
Fundi mbona hujaongelea wati? Ampli yake ina wati ngapi, labda haina nguvu

Fundi Risasi
Mdogo wangu wati 10,000 ziko kwenye boksi la karatasi, nyuma ya mashine hazipo. Geuza sabufa yako usome kibati cha pale waya wa umeme unapoingilia. Utakuta AC 220-240V, 50Hz, halafu wati 40, au 60, labda 80. Hicho ndo inachokula kutoka ukutani. Mashine inayokula wati 60 itatoa wapi 10,000 za kukupa? Zile namba zinaitwa PMPO, hazina kanuni, kila kiwanda kinajiandikia kinavyojisikia. Nimefungua nyingi sana, ndani unakuta TDA2030 mbili tatu, IC ya miguu mitano, kila moja ukiipa umeme wa kutosha inakupa kama wati 14 mpaka 18 kwenye spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha spika inavyouzuia umeme). Na hizo wati 15 za kweli zinatosha kabisa sebule ya mita 4 kwa 3.

Halafu hata ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, sikio linasema "imepanda kidogo". Ili uisikie kama imekuwa kubwa mara mbili unahitaji wati mara kumi hivi. Kwa hiyo kutoka wati 50 kwenda 60 hata hujui kama kuna kilichobadilika, ila hela yako utajua imeenda.

mtaa wa pili
Dah nimeenda kusoma nyuma imeandikwa 55W. Naomba huu uzi ufutwe.

DadaTanga
Hahaha pole kaka. Fundi shikamoo, naomba nichomekee na la kwangu hapohapo. Yangu ni sabufa ya kawaida, boksi kubwa na vispika viwili. Cha kushoto kimekufa, kuna siku kinalia ukigonga juu ya boksi. Ninunue kispika kipya?

Fundi Risasi
Marahaba mdogo wangu. Kabla ya kununua badilisha upande. Cha kushoto kichomeke kulia, cha kulia kichomeke kushoto. Kimya kikihamia kulia basi kispika au waya wake ndo mgonjwa. Kimya kikibaki kushoto kispika chako ni kizima, ugonjwa uko kwenye mashine. Dakika moja tu, na mafundi wengi hawaifanyi maana haina bili.

DadaTanga
Nimebadilisha. Kimya kimebaki kushoto.

Fundi Risasi
Vizuri. Sasa zungusha kile kitufe cha sauti taratibu kutoka sifuri mpaka juu, sikiliza kushoto. Kinakwaruza krrr krrr halafu kinakuja na kupotea?

DadaTanga
Eeeh! Kuna sehemu kinalia vizuri kabisa, nikizidisha kinakata

Fundi Risasi
Hapo ni uchafu kwenye kitufe chenyewe, ndani kina njia mbili, ya kulia na ya kushoto, ya kushoto imeingia vumbi au unyevu wa bahari. Kanunue ile dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti, sio WD-40 ya kawaida maana inaacha mafuta na mafuta yanakamata vumbi jipya. Chomoa umeme, fungua, puliza kwenye kale kauwazi ka kitufe, kizungushe mwanzo mpaka mwisho kama mara thelathini, acha ikauke. Ikigoma hicho kitufe kinauzwa bei ya soda ila lazima kichomelewe, mpe mtu anayejua kushika pasi ya risasi. Na hilo la kugonga juu ndo kikalia linaweza likawa hilohilo au mchomeleo uliopasuka, atauona hapohapo.

Likoni Yetu
Kweli kabisa maneno ya unyevu. Sie huku Mombasa chumvi yatumaliza. Spika zangu niliziweka dirisha la upande wa bahari, mwaka haukuisha zile nati za nyuma zishashika kutu kijani, mziki wakwaruza ukidhani koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, imeungua. Nilikata ncha za waya zile nyeusi sentimita mbili hivi, nikachuna upya hadi shaba ing'ae, nati nikazisugua kwa msasa mwembamba, basi ikarudi kama mpya. Tangu hapo kila baada ya miezi kadhaa nazifungua nazikaza tena.

Lengine, ile sponji iliyozunguka karatasi ya spika, kwa joto na unyevu wa kwetu yaoza. Waigusa yafanya unga. Mwenye spika ya sponji na aiangalie kwa tochi, ile ya mpira yavumilia zaidi.

Fundi Risasi
Hapo umenena Likoni. Sponji ikiisha watu wanatupa spika nzima wakati karatasi, koili na sumaku ni vizima. Sponji peke yake inauzwa, unabandika. Ila msitumie ile gundi ya kukauka sekunde tatu, inakuwa ngumu kama kioo na inapasuka, tumia gundi inayobaki na unyumbufu kama ya viatu. Kazi iko kwenye kuweka katikati. Kabla gundi haijakauka weka vidole viwili pande mbili za karatasi, isukume ndani taratibu uiachie, huku umetega sikio. Ukisikia kwaru kwaru kama msasa, koili inagusa chuma, sogeza. Isipotoa mlio wowote acha ilale mpaka kesho.

KochiLaKati
Wakuu nimerudi. Fundi Risasi Mungu akuweke. Nimefanya ya betri, boksi la kushoto karatasi imeruka nje, la kulia IMEINGIA NDANI. Nimegeuza waya. Yule mtangazaji amerudi katikati ya TV aisee, nimebaki natabasamu peke yangu.

Besi imerudi kama asilimia sabini. Ila bado pale kwenye kochi kuna zile besi za chini kabisa za amapiano, ile "duuuum" ndefu, naisikia vizuri nikiegemea ukuta wa nyuma kuliko nikikaa. Kuna kingine kakosea?

Fundi Risasi
Hapana, hiyo sasa ni nyumba. Sikiliza. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Besi ya heza 43, yaani mitetemo 43 kwa sekunde, wimbi lake lina urefu wa mita 8. Nusu yake ni mita 4, ambayo ndo urefu wa sebule yako umetuambia. Wimbi la namna hiyo linagonga ukuta wa TV na ukuta wa nyuma linarudi linakutana na lenyewe, kwenye kuta linajaa na katikati kabisa linajifuta. Na wewe kochi umeliweka wapi? Katikati. Ungenunua spika za milioni tano shimo lingekuwa palepale.

Dawa ni kusogeza kochi, hata nusu mita kwenda nyuma utaona tofauti. Maboksi nayo yacheze: ukiyasogeza karibu na ukuta na pembe besi inaongezeka, ukiyavuta mbele inapungua lakini inakuwa safi. Na usiyaweke sakafuni, ile spika ndogo ya juu, twita, inatakiwa iwe usawa wa sikio ukiwa umekaa, kama nusu ya urefu wa mlango. Tofali mbili tatu zikifunikwa kitenge hakuna atakayejua. Umbali kati ya boksi na boksi ulingane na umbali wa boksi mpaka kichwani kwako. Na tandika zulia, vigae vitupu na gypsum vinarudisha kila "s" ya mwimbaji.

Kwa wenye sabufa ya boksi moja kuna njia ya kuchekesha ila inafanya kazi. Beba sabufa uiweke juu ya kochi pale unapokaa, piga wimbo wenye besi, halafu tambaa sakafuni ukizunguka ukutani kama mtoto. Pale besi inapojaa bila kuvuma ndo pa kuiweka. Funga mlango tu majirani wasikuone.

Boksi lenye tundu la hewa likivuma sana, sokomeza soksi kwenye tundu. Kwanza inazuia panya.

Nyanya Chungu
Kutambaa sebuleni saa nne usiku, mume wangu kauliza kama nimepoteza hereni. Sabufa imehamia nyuma ya mlango na kweli imetulia.

kijana wa mjengoni
KochiLaKati kuhusu mngurumo, kata ule mguu wa ethi kwenye plagi ya ampli, mimi nilikata ukaisha hapohapo

Fundi Risasi
USIFANYE HIVYO. Kijana samahani kwa kupaza sauti. Ule mguu wa tatu upo ili transfoma ikivuja umeme kwenye bati, umeme uende ardhini usipitie kwako. Ukiukata mngurumo unaisha, ndio, na siku bati likishika umeme na mtoto ana miguu yenye maji kwenye vigae utalia. Rudisha plagi leo.

Mngurumo wa namna hii chanzo chake kinajulikana. Dishi liko juu ya bati au kwenye bomba, limegusa ardhi kwa njia yake. Ampli imegusa ardhi kupitia soketi. Waya wa dishi unaingia king'amuzi, king'amuzi kinaingia ampli, mduara umekamilika, umeme wa heza 50 unazunguka humo na ampli inaukuza kama mziki. KochiLaKati, acha kila kitu kikiwa kinawaka, sauti ishushe, halafu fungua kwa mkono ule waya wa dishi nyuma ya king'amuzi tu. Sikiliza.

KochiLaKati
Kimya!!! Nimefungua umenyamaza, nimerudisha umeanza.

Fundi Risasi
Basi ampli yako haina kosa. Chomeka TV, king'amuzi na ampli kwenye ekstensheni moja yenye ethi ya kweli, sio TV soketi hii na ampli soketi ile. Waya za sauti, zile nyekundu na nyeupe, zitenge na waya wa umeme, zisilale pamoja nyuma ya kabati. Ikibaki, kuna kidude kinachomekwa kwenye waya wa sauti, kina vitransfoma viwili ndani, kinakata mduara bila kukata ethi. Hakina gharama kubwa.

Ingekuwa inanguruma hata ukichomoa waya zote za kuingiza ningekwambia kapasita kubwa za pawa, vile vikopo vinavyohifadhi umeme ndani ya ampli, zimevimba, angalia vichwa vyake kama vimetuna. Ukibadilisha volti isipungue iliyoandikwa, na hasi na chanya usizigeuze, inapasuka usoni.

Sauti ya king'amuzi iache juu, kama robo tatu, halafu upunguzie kwenye ampli. Watu wanafanya kinyume ndo maana wanasikia shhhhh.

Mzigo wa Meli
Wadau nitoe ushuhuda kidogo wengine wasilie kama mimi. Kaka yangu yuko Texas akanitumia ampli nzuri sana kwenye kontena. Imefika, furaha, nikachomeka. Sekunde mbili, pah, moshi. Ya kule ni volti 120, huku 230. Transfoma imeungua na harufu haikutoka chumbani siku tatu. Mwenye mzigo njiani asome nyuma kwanza, zingine zina kaswichi ka 115/230, zingine lazima transfoma ya kushusha na wati zake zizidi za ampli.

DadaTanga
Pole sana. Yangu imepona kwa ile dawa ya kupuliza. Elfu kumi na mbili na bado imebaki nusu chupa.

mtaa wa pili
Fundi swali la mwisho, kwenye sherehe ya dada niliongeza maboksi mawili mengine kwenye ampli ya homu, yakapiga saa moja ikazima, twita mbili zimekufa. Spika ziliandikwa wati 200 kila moja, imekuwaje ampli ya wati 50 ikaziunguza?

Fundi Risasi
Uliunga sambamba, si ndio? Spika ya omu 4 na ya omu 4 sambamba ni omu 2, ampli ikawa inavuta umeme isiouweza, ikachemka, ikajizima. Ina bahati ilijizima. Na kabla ya hapo ulikuwa umeisukuma mpaka mwisho, sauti inakatwa kichwa, ule mkwaruzo unazaa trebo (zile sauti kali za juu) nyingi isiyokuwepo kwenye wimbo na yote inaenda kwenye twita, ambayo koili yake ni nyembamba kama unywele. Ampli ndogo iliyozidiwa inaua twita kuliko kubwa iliyotulia. Ukinunua twita mpya usisahau kapasita yake, ile ya mikrofaradi 3.3 isiyo na hasi wala chanya. Kwenye twita ya omu 8 inapunguza sauti za chini ya heza 6,000 hivi. Ukiiunga bila hiyo, wimbo mmoja tu na imeondoka.

KochiLaKati
Mrejesho wakuu. Ekstensheni moja, mngurumo umepungua sana, mpaka utege sikio kwenye spika. Kochi limerudi nyuma, meza ya chakula imehamia dirishani, mama watoto aliuliza nani kampa ruhusa mpaka nilipompigia taarab ya zamani akakaa mwenyewe bila kuitwa.

Ila kuna kitu. Nilifungua ampli kupiga vumbi na brashi, nimekuta mjusi amekauka amelala juu ya zile IC, mkia uko kati ya miguu ya ile IC ya kulia. Ndo iliyoungua mwanzo. Fundi alibadilisha IC akamwacha mjusi?

Fundi Risasi
Hahahahaha. Basi wewe ulikuwa unalipa dawa ya ugonjwa na ugonjwa ukiwa umelala hapohapo. Mjusi na mende wanafuata joto la transfoma. Weka kitambaa cha chandarua kwenye matundu ya nyuma kwa ndani, hewa ipite wao wasipite.

Kabla hujaingiza mkono chomoa plagi, subiri dakika kadhaa, kapasita zinashika umeme hata mashine ikiwa imezimwa. Halafu angalia kama fundi alirudisha karatasi ya maika, ile isiyopitisha umeme, kati ya IC na bati la kupozea. Kama ni TDA2030, mgongo wake umeunganishwa na mguu wa tatu, wenye umeme hasi, ukigusa bati bila maika ni shoti. Na kama una mita ya kupimia umeme, chomoa spika, washa, pima volti DC (umeme kama wa betri) kwenye tundu za spika. Inatakiwa iwe karibu na sifuri. Ukiona volti 10 au 15 usirudishe spika, itaoka koili.

KochiLaKati
Maika ipo. Mita nimeazima kwa jirani, kulia volti 0.02, kushoto 0.01.

Fundi Risasi
Safi kabisa. Na mjusi umemtoa?

KochiLaKati
Mke wangu anasema nimtoe mimi, na mimi nimemwambia fundi aliyemwacha ndo aje amtoe.